Nani Atamjibu Baba Mdogo

Isansa, siku ya kuamkia safari yako

Tabita mwanangu,

Sasa hivi utakuwa umeshafika kwa shangazi yako kule barabarani, na kwa ninavyomjua umeshakalishwa jikoni, umepewa viazi na maneno, vyote viwili bila kipimo. Mimi nimebaki bandani kwangu katikati ya maranda, karatasi nimeiweka juu ya benchi la kurandia. Tangu ile mvua ya kwanza ya wiki iliyopita mibuni ilikuwa inajivuta, na leo imechanua yote kwa pamoja. Kutoka hapa mpaka kijitoni ni weupe mtupu, harufu yake imeingia mpaka ndani ya kopo la misumari. Naandika neno moja, natazama nje, nasahau nilitaka kusema nini. Kwa hiyo usishangae barua ikitangatanga.

Asubuhi ulipokuwa unafunga mzigo uliniuliza swali moja. Hukuuliza habari ya blanketi wala ya chakula cha njiani. Ulisema, "Baba, nikiondoka nani atamjibu baba mdogo?" Nikajifanya natafuta patasi. Ukangoja. Halafu ukasema, kwa ile sauti ya marehemu mama yako ambayo sijui ulimwibia lini, "Basi leo silali hapa, nakwenda kulala kwa shangazi. Jua likizama ataita, na utakuwa peke yako. Kesho utaniambia ilikuwaje. Kama hakujibiwa, mimi lori sipandi." Ukabeba kikapu chako ukaenda zako. Una miaka kumi na minane tu na tayari unajua kunitega.

Nimekaa na swali lako tangu asubuhi. Kesho nitakuletea sanduku pamoja na barua hii, nawe utaisoma ukiwa umesimama kando ya barabara kabla lori la Mbeya halijafika. Usia wa sabuni, wa marafiki wabaya, wa kusali kabla ya kula, huo wote shangazi yako atakuwa ameumaliza. Mimi nina jambo moja, na nimelificha miaka kumi na miwili.

Wewe unamjua baba yako mdogo Yeremia kama mtu mpole anayemwagilia miche ya kahawa na kuzungumza nayo. Mimi namjua mwingine. Namjua kijana aliyekuwa anaanzisha wimbo kwenye palizi, na shamba zima likamfuata mpaka mwisho wa matuta. Alipotaka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka, nilimsindikiza kwa miguu mpaka Tunduma. Tuliagana asubuhi yenye ukungu. Alivuka akiimba, na mimi nilisimama nikisikiliza muda mrefu baada ya kuacha kumwona.

Alikaa huko miaka minne. Katika miaka hiyo ndipo mimi nilipopata jina. Zamani nyumba za hapa zilikuwa na milango ya matete, unasukuma tu unaingia, na mtu akipita nje jioni anaita, "Mpo?" na wa ndani wanajibu, "Tupo," hata bila kunyanyuka. Mimi niliporudi kutoka kujifunza useremala misheni nilileta mlango wa mbao, wenye bawaba na komeo. Kila mtu aliutaka. Nilitengeneza mlango baada ya mlango, mpaka nilipopita njiani nilikuwa najiona kila nyumba. Nilijisifu, mwanangu, sitakuficha. Nilidhani nimewaletea watu usalama.

Yeremia aliporudi nilikwenda kumpokea Tunduma palepale. Nilimkuta amesimama uani nje ya duka, sanduku liko kichwani, mvua inamnyeshea. Mwenye duka akaniambia, "Ndugu yako tumemkaribisha ndani tangu jana, amekataa." Alinisalimu vizuri, na kila sentensi aliifunga kwa lile neno la heshima la Wabemba, mukwai, kama anavyofanya mpaka leo. Njia nzima hakuimba.

Tulipofika nyumbani hakulala. Jua likizama anatoka, anapita nyumba kwa nyumba, anaita, "Mpo, mukwai?" Nyumba zilizobaki na matete walimsikia, wakamjibu, akaendelea na njia yake. Nyumba zenye milango yangu hawakusikia, au walisikia wakaogopa. Basi alikuwa anaung'oa mlango. Haukuvunjwa hata mmoja. Aliunyanyua kutoka kwenye bawaba, akaulaza majanini taratibu, akachungulia ndani, akaona watu, akaondoka. Asubuhi watu wanakuja kwangu na msemo mmoja: "Fundi, ndugu yako ana wazimu."

Jumbe alikuja pia. Alisema, "Fundi, tafuta namna. Sitaki mtu auawe gizani kwa kudhaniwa mwizi." Hayo tu ndiyo aliyosema yule mzee, nataka uyakumbuke.

Wiki ileile wazee kutoka Igamba walikuwa wanakuja kumposa shangazi yako, huyuhuyu uliyelala kwake. Niliogopa wasije wakasema ukoo wetu una wazimu. Niliogopa hata kwa ajili yako, ulikuwa na miaka sita, nikaona wachumba wako wa baadaye wakigeuza njia. Hofu inaona mbali sana, ila haioni kilicho karibu.

Wewe umeamini siku zote kwamba mkatale ule, lile gogo lenye matundu mawili ya kubania miguu, lililetwa na watu wa jumbe. Mimi ndiye niliyekuambia hivyo. Si kweli. Niliutengeneza mimi. Nilikuwa na gogo la mninga nimeliweka kwa ajili ya mlango wa kanisa, nikalipasua. Nilimwendea Yeremia amekaa juani, nikampima vifundo vya miguu kwa uzi. Akaniuliza, "Kaka, unanitengenezea viatu vya mbao?" Nikasema ndiyo. Akacheka, akanyoosha mguu wa pili nao upimwe.

Nimeacha kalamu kidogo hapo, nikatoka nje nikatembea kati ya mibuni. Sasa nimerudi.

Nilimweka kwenye kibanda cha nyuma, nikatia mlango mnene kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Wazee wa Igamba walikuja, wakala, wakasifu nyumba, wakaondoka wameridhika. Yeremia akabaki mle masika nzima. Matundu niliyalainisha kwa msasa ili yasimchubue, na niliona huo ni wema. Yakamchubua hata hivyo.

Katikati ya masika hiyo ndipo walipokuja kuchanja ndui. Labda unakumbuka ngoma. Jumbe alituma mpiga mbiu mpaka vijiji vya mbali, hata vikongwe wakaja wamebebwa, na uwanja wa kanisa ukajaa. Dresa, msaidizi wa mganga, aliweka meza yake, na kila mkuu wa kaya alisimama mbele yake na watu wake. Ulilia, ukapewa muwa. Alipomaliza kuwachanja ninyi aliniuliza, "Kuna mtu yeyote nyumbani aliyebaki, mgonjwa au hawezi kutembea?" Kibanda cha Yeremia kilikuwa kinaonekana pale tuliposimama, moshi wa jiko la mama yako unapita juu yake. Nikasema, "Hakuna." Yule dresa akaandika, akaita kaya nyingine. Ndui ilikuwa haijafika hapa kwetu hata kwa mtu mmoja, na nchi nzima iliamshwa kwa ajili yake, na ni vizuri iliamshwa. Lakini kuna mtu alikuwa anaumwa hatua arobaini kutoka ile meza, na ndugu yake wa tumbo moja alisema hayupo.

Aliyemwona ni wewe. Mama yako alikuwa anakutuma kumpelekea chakula, unakipitisha kwenye uwazi chini ya mlango. Siku moja tulipokuwa tunakula ukasema, bila kumlenga mtu, "Baba mdogo hana wazimu. Anauliza tu kama tupo. Mimi namwambia tupo, analala." Nikakupiga kofi. Hujawahi kunikumbusha kofi lile, sijui umelisahau au unanistahi. Nililipiga kwa sababu ulisema mbele ya mama yako kitu nilichokuwa nakijua.

Kesho yake jioni nilijibanza nyuma ya kibanda. Nikakusikia ukija na bakuli. Sauti yake ikatoka ndani, nyembamba, "Mpo, mukwai?" Ukajibu, "Tupo, baba mdogo." Akauliza tena, "Wote?" Ukasema, "Wote, na kuku pia." Punde nikasikia mtu anakoroma. Masika nzima sikuwahi kumsikia akikoroma. Nilikaa palepale kwenye tope mpaka nyota zikatoka, nikachukua patasi, nikafungua.

Hakunilaumu. Alikaa mlangoni akinyoosha miguu na kuikunja, kisha akaniambia mambo ambayo angeniambia tangu Tunduma kama ningemwuliza. Kule mgodini kulitokea maporomoko, wakafungiwa chini watu kadhaa gizani, kila mmoja kwenye uchochoro wake. Hawakuonana. Walichofanya ni kuitana. Mmoja anauliza, "Mpo?" wengine wanajibu. Waliendelea hivyo saa nyingi, na kila mara majibu yalipungua, mpaka akaita hakuna aliyejibu, na yeye akaendelea kuita. Walipomfukulia alikuwa bado anaita. Ndipo akarudi kwao kupumzika, akakuta kaka yake amefunga kila nyumba kwa mbao.

Tulimpeleka zahanati kwa ajili ya vidonda vya miguu. Wewe ulikuja ukiwa umemshika kidole. Vidonda vilisafishwa, vikafungwa vizuri, tukaambiwa turudi kila juma. Palikuwa na benchi la wenye homa, benchi la akina mama, benchi la vidonda. Wewe ukamwuliza mganga, "Na kutolala je? Dawa yake iko wapi?" Akacheka, akakupa chupa tupu ya kuchezea, akasema hiyo si kazi ya hospitali. Ulitoka pale umekasirika, midomo imetangulia mbele. Nadhani safari yako ya kesho ilianza siku ile.

Mengine unayajua. Akina mama wa majirani walianza kumjibu, kwanza kwa kukuonea huruma wewe, mtoto uliyekuwa ukimjibu peke yako, baadaye kwa mazoea. Siku hizi hata wanaogombana wanamjibu kwa pamoja. Anazunguka nyumba saba, anamalizia hapa kwetu, analala kwenye kibanda chake kisicho na mlango. Hajapona kama mtu anavyopona homa. Masika ikianza anakaa kimya, anatoka kukaa mvuani, na siku nyingine miche inabidi niitunze mimi. Lakini amekula, amelala, amepanda kahawa ambayo leo inanukia mpaka huku.

Ila humu ndani alijibiwa na mama yako, na mama yako alipofariki ukamjibu wewe. Mimi sijawahi. Akiita, nilikuwa nashika msumeno, au nakohoa, au natoka kwenda chooni. Mtu aliyemfungia ndugu yake mlango, atamwambia vipi kwamba yupo?

Unakumbuka pia nilivyokuwa baada ya kumzika mama yako. Nililala nimeelekea ukutani tangu mavuno mpaka kulima. Watu walipouliza ulisema baba ana homa, kwa sababu mimi nilikuagiza useme hivyo, na wakaniletea kwinini nikainywa. Sikuwa na homa. Nilikuwa naona milango tu. Nikifumba macho naiona imesimama kilimani, mlango baada ya mlango, bila nyumba, na kila ninaoufungua nyuma yake pana kilima kilekile. Sikuumwa popote na sikuweza kunyanyua mkono. Yeremia alikuwa anakuja anakaa kizingitini. Anauliza, "Kaka yupo?" Wewe ukajibu kutoka jikoni, "Yupo, ila leo hawezi kusema." Naye akasema, "Haya, mukwai," akakaa tu, mpaka giza liingie. Hakunifunga kamba mtu. Hakuna aliyepima miguu yangu.

Nakuambia haya kwa sababu unakwenda kujifunza uuguzi, na watakufundisha vidonda, na kuzalisha, na kupima homa, na utayajua vizuri, una mikono mizuri. Utakapotumwa vijijini na meza yako, mkuu wa kaya akakuambia hakuna aliyebaki nyumbani, mwulize tena. Mara ya kwanza atakudanganya kama nilivyodanganya mimi, na si kwa ubaya, ni kwa aibu. Mwulize mara ya pili taratibu, kama mtu mwenye muda. Mimi ningeulizwa mara ya pili nadhani ningelia palepale uwanjani.

Na wewe mwenyewe, ukiwa huko mbali, kama siku moja utaelekea ukutani, usiseme ni homa. Mwambie mwenzako wa kitanda cha jirani. Niandikie. Nitakuja kwa miguu.

Lile gogo sikulichoma. Nilitaka, Yeremia akanizuia, akasema mbao haina kosa. Ndilo hilo lililolala bandani chini ya magunia, ambalo umelikalia miaka yote ukipukuchua mahindi. Samahani kwa hilo pia. Na jumbe, mzee wa watu, umemnyima salamu miaka kumi na miwili, unageuza uso kama umeona nyoka, naye amekuwa akiniuliza, "Fundi, binti yako nilimkosea nini?" Nilikuwa namwambia ni utoto. Kesho asubuhi atapita barabarani kwenda bomani. Msalimie, tafadhali. Mimi nitamwambia kwa nini.

Jua limefika juu ya mgongo wa kilima. Namsikia anaita nyumba ya tatu. Naacha hapa, nitarudi.

Nimerudi, nimewasha kibatari.

Alikuja kama kawaida, akasimama kwenye njia kati ya mibuni, nguo zimejaa maua meupe. Aliita, "Mpo, mukwai?" Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, namchungulia kwenye ufa, mkono uko kwenye komeo. Akaita tena, na nikaona namna anavyoanza kuinua mabega, kama zamani kabla ya kung'oa mlango. Nikaufungua wote. Nikasema, "Nipo, Yeremia." Nikasema tena, "Tabita amelala kwa shangazi yake, kesho anakwenda kusoma. Leo nipo mimi."

Akasogea, akanitazama kwa karibu, akanigusa kifua kwa vidole viwili. Akasema, "Kaka?"

"Naam."

"Nilikuwa nimekuhesabu na wale waliobaki chini. Ulikuwa hujibu."

Nilitaka kumwomba msamaha kwa mpangilio, nilikuwa nimeshauandaa tangu mchana. Nililia tu, mwanangu, nikiwa nimeshika mlango wangu mwenyewe. Yeye akangoja mpaka nikamaliza, akauliza, "Wote?" Nikasema, "Wote, na kuku pia." Akacheka kidogo, akaenda kulala. Sasa hivi ninavyoandika namsikia anakoroma.

Panda lori, Tabita. Kesho jua likizama ataita, na mimi nitajibu.

Baba yako